Nusu Saa ya Maji

Jumatatu nilishuka mtendeni
na mguu ulipogusa changarawe nikajua
kwamba sitapanda tena.
Sikumwambia mtu. Niliiviringa kamba,
nikaitundika kwenye msumari ule ule
alioupigilia ami Hamdun kabla sijazaliwa,
nikanawa mikono kwenye falaji
kana kwamba hakuna kilichotokea.

Goti la kushoto linajua. Goti halina siri.

Ijumaa iliyotangulia walikuja Samaili wote watatu.
Thuwaini na jalada lake la benki,
Badri kutoka Doha, miwani ya jua hata kivulini,
na Mahfudh, kitindamimba, ambaye ameshachora:
hapa bwawa la kuogelea, hapa vyumba vya wageni,
mitende saba ibaki, "kwa ajili ya mandhari, baba."
Nikahesabu kimoyomoyo itakayokatwa.
Nilipofika themanini kahawa ilikuwa imepoa.
"Pumzika," wakasema. "Umefanya kazi ya kutosha."
Kana kwamba mapumziko ni kiti kinachouzwa Maskati
na wao wameshatoa arubuni.

Tenda wema wende zako, husema watu.
Mtende hauniachi niende zangu.
Hautoi pensheni; unatoa tende, tena kwa sharti:
uupelekee chavua ya dume kungali baridi,
uyafunge mashada kabla hayajawa mazito,
ushushe joto likikuchoma kisogo.
Ukiuacha mwaka mmoja hausemi kitu.
Wa pili, kimya.
Wa tatu ni nguzo tu.

Nami nilikuwa nani? Kijana wa Wete
ninayenuka makonyo, sanduku moja la bati,
mti nilioujua ni mkarafuu.
Ami hakujaaliwa mtoto. Alinitazama viganja,
akasema neno la Kiarabu ambalo sikulielewa,
watu wakacheka, akanipa kamba.
Miaka mitatu nilikuwa kichekesho cha kijiji.
Miti ilinikubali kabla ya watu.

Na Moshiur, mwaka wa kumi na moja huu yuko nami,
kwao alikwea mipopoo.
Anajua naghali ipi imeingia mchwa,
fardhi ipi hulalia magharibi.
Husema nayo Kibangla akiwa juu. Nimesikia. Nimenyamaza.
Mirathi ina hesabu yake, na mle ndani hayumo Moshiur;
sibishani na hesabu ya Mungu.
Ila wasia umeniachia theluthi,
nami usiku huigusagusa hiyo theluthi
kama ulimi unavyoligusa jino linalocheza.

Ghaniya hakuja Ijumaa. Hakuitwa.
Alikuja Jumanne, baada ya masomo,
vumbi la chaki kwenye shungi,
asiulize habari ya ardhi. Aliuliza:
"Zamu yetu ya maji siku hizi saa ngapi?"
Saa tisa na robo, usiku. Nusu saa.
Akaitega simu. Nikacheka:
sisi tulipima kwa nyota, na nyota haiishi chaji.

Lakini simu ililia, na kabla sijaipata bakora
yeye alikuwa ameshasimama falajini,
buibui amelikaza kiunoni, tochi mdomoni,
analing'oa lile jiwe la matambara
ambalo mikono yake haijawahi kulishika,
analisukuma kuziba njia ya jirani.
Maji yakasita kidogo, kama mgeni mlangoni,
kisha yakaingia kwetu.

"Sivyo. Tambara likae chini, yasivuje."
Akaligeuza. "Hivi?"

Nilikuwa nimekaa. Mimi, nimekaa ukingoni,
goti nimelinyoosha,
nasikia maji yanakwenda kwenye mizizi
bila ya mkono wangu.

"Hivi," nikasema.
Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nane.